Umejuaje? Maongezi yangu na wanafunzi wapya wa masta ya filamu na midia

Jamani habari zenu. Hii ndo ile hotuba ya Jumamosi, wengi mliniomba slaidi na slaidi hazikuonekana maana umeme ulikatika dakika ya tano, kwa hiyo nimekaa na rekodi ya simu nikaiandika kama nilivyoongea, nimetoa tu sehemu nilizokuwa nakohoa na pale feni iliporudi ghafla ikapeperusha karatasi za watu. Na niwaambie mapema, kuandika rekodi ya saa moja kumenila jioni mbili nzima, sasa wewe unayejiandaa kurekodi watu thelathini anza kupiga hesabu.

Haya.

Shikamooni mlionizidi umri, wengine mambo vipi. Nimeambiwa niongelee mbinu za utafiti na nimeziona sura zenu pale mlangoni mliposoma hiyo mada. Mtu kaacha kazi, kakopa ada, kaja kusomea filamu, anataka kuongelea kamera na stori, halafu anakalishwa muhula mzima anafundishwa dodoso. Nawaelewa kabisa. Mi nilikuwa nakaa nyuma kule karibu na dirisha, na sura ya tatu ya disetesheni yangu niliiandika siku moja, tena siku hiyo mchana nilikuwa msibani. Nilichukua sura ya tatu ya kaka mmoja aliyemaliza kabla yangu, yeye alitafiti vyama vya ushirika vya korosho huko kusini, nikatoa korosho nikaweka filamu. Kothari yupo, Yamane yupo, wale wa vitabu vya mbinu za utafiti, kila mtu yupo. Ila kuna sehemu nilisahau kubadilisha ikabaki "wakulima watahojiwa baada ya mavuno". Supavaiza hakuiona, au aliiona akanyamaza, mpaka leo sijui na naogopa kumuuliza.

Mada yangu ilikuwa ile mnayoijua wote, filamu za Kibongo na mmomonyoko wa maadili ya vijana, huko Mbagala. Mnacheka kwa sababu humu ndani wapo watatu wenye mada hiyo hiyo, msijifiche, nimeona fomu zenu.

Sasa tuje kwa Yamane. Fomula yake ya 1967, ya kujua uhoji watu wangapi, mtakutana nayo mpaka kwenye ndoto: unachukua idadi ya watu wote, unaigawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo hiyo mara kosa unaloliruhusu mara kosa hilo hilo. Basi nikaenda kwa mtendaji wa mtaa nikamuuliza vijana wanaoingia vibanda umiza, vile vya kutazama filamu kwa kiingilio, hapa ni wangapi, akanitazama kama nimemuuliza idadi ya mbu. Nikatoka pale nikaweka 400 kichwani kwangu mwenyewe. Mnajua kwa nini 400? Kwa sababu ukiweka 400 na kosa la asilimia 5 inakupa 200 kamili, haina desimali. Wallahi hakuna sababu nyingine. Fomula yenyewe haina tatizo, ni ya mtu mwenye orodha ya watu wake wote anayeweza kuchota majina kwa bahati nasibu, mi sikuwa na orodha ya mtu hata mmoja, nilikuwa na mabati, mabenchi na jenereta.

Nikatoa kopi 200, mwenye steshenari akanipa na soda.

Siku ya kwanza kibandani kulikuwa na watu kama sabini hivi, joto linatoka juu linatoka chini, mbele TV inaonyesha filamu ya Kichina iliyotafsiriwa na Mkandala, yule waliyekuwa wanamwita Lufufu, sauti yake ile nzito anawaongelea wote, stelingi, adui, mpaka mama mkwe. Mi napita katikati ya mabenchi nagawa karatasi na peni. Kijana mmoja akachukua yake na za wenzake wawili, akajaza zote tatu huku macho yako kwenye TV, halafu akanigeukia akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bro, hapa we unataka nitiki wapi?"

Nikamwambia popote unapoona sawa. Akatiki "nakubaliana sana" kuanzia juu mpaka chini kama anachora ngazi.

Matokeo yakaja mazuri mno, karibu wote wamekubaliana sana kwamba filamu zinaharibu maadili, watu wamelipa kiingilio chao, wanashangilia, na wanakubaliana sana. Nikaingiza kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, nikapata majedwali ya rangi. Siku ya kutetea akakaa mama mmoja profesa, mpole, ametoka chuo kingine, akasubiri wenzake wamalize habari za majina na pembizo za ukurasa, akafungua jedwali la kwanza akaniuliza, "Baba, hili umejuaje?" Nikajibu nimetumia SPSS toleo la ngapi sijui. Akasema, "Sijauliza mashine imejuaje. Nauliza wewe umejuaje?"

Nilikaa kimya mpaka mtu akanisogezea maji. Nikapewa miezi sita nirudi upya.

Kwa hiyo mi sitawafundisha aina za sampo leo, yaani namna za kuchagua watu wa kuwauliza, hizo mtafundishwa na wenye somo lao na muwasikilize. Nataka niwaonyeshe hilo swali la yule mama linavyotembea ndani ya utafiti wa filamu, maana kwetu ni gumu kidogo kuliko kwa wa korosho, korosho ukiipima inatulia.

Na msidhani mambo ya unataka nitiki wapi yameanza Mbagala. Mwaka 1935 kule Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza walianzisha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, Notcutt anatengeneza picha, Latham anashika upande wa elimu, hela nyingi zimetoka Carnegie Corporation ya New York. Mpaka wanafunga 1937 walikuwa wametengeneza filamu kama 35, za safura, za kilimo, za mifugo, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, wakashuka mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Na walikuwa wanatafiti watazamaji, hicho ndo kitu nataka mkione, walitaka kujua watu wameelewa nini na wamependa ipi. Sasa jiweke wewe ni mkulima wa mwaka 1936, lori limekuja na jenereta, Bwana DC kakaa mbele, mzungu anauliza kwa mkalimani kama umeipenda ile picha ya safura. Utasema nini? Utatiki nakubaliana sana.

Zile filamu nyingi zimepotea, kwenye hifadhi ya BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, zinajulikana tatu tu, mojawapo ni hiyo ya safura na nyingine ni ya mashamba ya Kingolwira pale Morogoro. Kwa hiyo watu wetu wale, mababu zetu kabisa, tunachojua kuhusu walivyotazama tunakijua kwa kalamu ya waliowauliza, kwenye ripoti iliyoandikwa na wenye mradi. Ukiitumia hiyo ripoti lazima uandike hivyo hivyo, nimejua kupitia fulani ambaye alikuwa na shida hii na hela hii. Nyaraka za Taifa pale Dar, nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, ndo utakutana na mafaili ya namna hiyo, barua za maafisa wanalalamika habari ya sinema, wanaogopa picha za kauboi, na mtazamaji mwenyewe hayupo, unamwona kwa pembeni tu, kama mtu aliyepita nyuma ya picha ya harusi.

Kuna kisa cha kuku. McLuhan, yule msomi wa midia wa Kanada, alikiweka kwenye kitabu chake cha 1962, amekichukua kwa Mwingereza mmoja anaitwa John Wilson. Walionyesha kijijini Afrika filamu ya bwana afya anaondoa maji yaliyotuama nyumbani, imepigwa taratibu makusudi ili watu waelewe, wakauliza mmeona nini, watu wakasema tumeona kuku. Wenye filamu wenyewe hawakujua kama kuna kuku! Wakairudia fremu kwa fremu, kweli, kwa kama sekunde moja kuna kuku anakatiza chini kule kwenye kona. Wilson akamalizia kwamba Waafrika hawajui kutazama picha nzima. Mi nikisoma pale nacheka, kwa sababu katika ule mkutano kuna upande mmoja uliotengeneza filamu, ukaikata, ukaionyesha, na haukuona kilichomo ndani yake, na upande wa pili ulikiona mara moja. Aliyehitaji kufundishwa kutazama ni nani?

Ila kisa hicho kiliniuma pia, maana mi ndo nilikuwa Wilson wa Mbagala.

Nikarudi kibandani bila karatasi. Nikamwomba mwenye kibanda nikae tu, akaniambia kaa ila kiingilio utalipa, nikalipa kila siku kama wengine kwa karibu miezi mitatu. Wiki ya kwanza hukuti kitu, watu wanakuona wewe ni TRA au polisi, wiki ya pili wanakutuma maji. Nilikuwa siandiki mle ndani, natoka naenda kuandika kwenye bodaboda, ukilala bila kuandika asubuhi huna kitu, hilo naomba mniamini kabisa, kichwa kinakudanganya usiku mmoja tu.

Na nilichokuja kukiona ni kwamba ile filamu niliyokuwa naichambua mimi nyumbani, yenye mwanzo, kati na mwisho, mle ndani haipo. Watu wanaingia katikati, mmoja wa pembeni anamhadithia kwa kumnong'oneza, huyu ndo stelingi, kaka yake kauawa, huyu mwenye kovu ndo jambazi mkuu, inatosha, mtu ameshashika. Mwingine anatoka katikati kwenda kazini. Filamu moja inatazamwa vipande vipande siku tatu, na sauti ya kutafsiri inaongeza utani wa Simba na Yanga ambao hakuna Mchina aliyeuandika. Sasa mimi nikisema "maudhui ya filamu hii ni kisasi", umejuaje, ya nani hiyo filamu?

Ngoja nikae kidogo kwenye hili neno stelingi kwa sababu ndo lilinipa digrii. Kwenye rasimu ya kwanza kila mtu aliposema stelingi mi niliandika mhusika mkuu kwa Kiingereza, nikaendelea na safari. Siku moja ikaonyeshwa picha ambayo yule jamaa wa kwenye kava anauawa karibu na mwisho. Kelele zikapigwa mle ndani, sio za huzuni, za kupinga, na fundi pikipiki mmoja akasimama akasema kwa utulivu kama hakimu, "Kama kafa basi hakuwa stelingi." Mwingine akadai lazima part two ipo. Wakabishana mpaka jenereta ikazimwa, stelingi halisi alikuwa nani, kuna waliosema ni yule dada, kuna waliosema ni mtoto kwa sababu ndo kabaki. Yaani hawa watu wana nadharia yao ya uhusika, stelingi ni yule ambaye kifo hakimpati, na mwisho wa filamu ndo unaokuambia alikuwa nani tangu mwanzo. Nikatoka pale nikarudia madaftari yote, kila nilipoandika mhusika mkuu nikarudisha stelingi. Sura nzima ikatoka hapo. Kwa hiyo nyie mtakaofanya mahojiano kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, msitafsiri mapema, liacheni neno likae na nguo zake, tafsiri inaweza kusubiri mpaka umelielewa.

Upande wa filamu yenyewe sitakaa sana. Andika umetazama nakala ipi. Bongo movie moja inaweza kuwa na diski ya sehemu ya kwanza na ya pili, ina ya YouTube iliyokatwa muziki, ina ya kibandani iliyochoka mikwaruzo, na hizo sio kitu kimoja. Na ukitaka kusema filamu zetu zinaenda polepole, kila mtu anasema hivyo kwenye kijiwe, we hesabu: filamu ya dakika 90 ni sekunde 5,400, ukihesabu shoti 600, yaani vipande kati ya mkato na mkato, wastani wa shoti ni sekunde 9, halafu fanya hivyo hivyo kwa ya Nigeria na ya Kihindi ya miaka hiyo hiyo, hapo ndo useme. Inachosha, unakaa na daftari na rimoti, ila ukiulizwa umejuaje una jibu. Na kava za diski msizitupe, nyuma kuna majina, simu, anwani, nani kashukuriwa, kuna watu wa taaluma hii hawamo kwenye kitabu chochote ila wamo kwenye kava.

Sasa mtu ataniambia mwalimu, bila watu 200 chuo hakitanipitisha. Sikilizeni. Ien Ang, mtafiti wa watazamaji, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Uholanzi, alitaka kujua watu wanapenda nini kwenye ile tamthilia ya Kimarekani ya Dallas. Akaweka tangazo dogo kwenye jarida la wanawake, akasema mimi naipenda ila nachekwa, niandikieni. Alipata barua 42. Kwa barua 42 akaandika kitabu ambacho mtakisoma muhula huu, na nguvu yake ni kwamba anazisoma kama barua, anaangalia mtu anavyojitetea, anavyoona aibu, anavyosema naipenda lakini. Jarida la leo unalo kwenye simu, ni magrupu na komenti, ila hapo angalieni sana, mtu aliyeongea kwenye grupu la WhatsApp hakuongea na wewe, omba ruhusa.

Kuhusu wazee nina kisa kimoja. Nilimhoji mzee, msafi kabisa, kofia yake, akaniambia enzi za mkoloni tulikuwa tunaenda kutazama Sholay pale Empress, viatu vimepigwa rangi. Sholay, ile filamu ya Kihindi, imetoka 1975. Uhuru tumepata 1961. Nikataka kuitupa ile rekodi nzima. Halafu nikakumbuka nilisoma habari za Portelli, mtafiti wa historia ya masimulizi, na wale watu wa Terni, Italia, mfanyakazi mwenzao Luigi Trastulli aliuawa na polisi 1949, na wengi wao baadaye walisimulia kwamba ilikuwa 1953, mwaka ambao watu walifukuzwa kazi kwa maelfu na mji ukachafuka. Portelli hakusema wamekosea akafunga daftari, alijiuliza kwa nini kifo kimehamishwa. Nikarudi kwa mzee, sikumwambia amekosea, nikamuuliza mlikuwa mnavaa nini, mnaenda na nani. Nikaja kuelewa kwamba kwake enzi za mkoloni ni jina la ule wakati wote watu walipokuwa wanavaa suti kwenda sinema, bila kujali nani yuko Ikulu. Tarehe nilizitafuta kwenye matangazo ya sinema ya magazeti ya zamani, mzee akabaki na kazi yake ya kunieleza heshima ya suti. Kila shahidi ana alichokiona yeye.

Vibali. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, mtaambiwa na ofisi, Zanzibar wana utaratibu wao wenyewe msiende na cha bara mkategemea kitatosha, halafu kuna ngazi ya mkoa, wilaya, mtendaji, mwenyekiti wa mtaa. Kuna ofisi moja barua yangu ilikaa wiki tano chini ya chupa ya chai, niliiona kwa macho yangu ina duara la kikombe. Anzeni mapema, basi.

Lakini kibali sio maadili, na hapa nataka mnisikilize vizuri maana nusura nimchome mtu. Kwenye disetesheni nilitengeneza ramani, nimepita na simu nachukua pointi za GPS za vibanda kumi na moja, ramani nzuri, rangi, nikaiweka kiambatisho namba nne. Nikampelekea mwenye kibanda aione, nikidhani atafurahi. Akaitazama muda mrefu akaniuliza, "Hii itasomwa na nani?" Nikamjibu maktaba, mtu yeyote. Akasema, "Na watu wa hakimiliki?" Nilihisi baridi mgongoni. Zile filamu zote anazoonyesha hajazilipia mtu, yeye anajua, mi najua, na mi nimemchorea njia mpaka mlangoni, bure, kwa faida ya marks. Usiku ule nikaifuta ramani, nikafuta jina la mtaa, nikafuta majina ya watu wote, yeye akawa Mshiriki namba 3.

Najua kuna anayefikiria AI. Ndiyo, itakuandikia sura ya tatu nzuri kuliko yangu, haitasahau wakulima ndani. Ila yule mama bado yupo na bado anaitwa kwenye difensi.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili tu. Dada mmoja aliuliza sasa mwisho wa yote sampo yako ilikuwa watu wangapi. Kumi na wanne niliowahoji kwa kina, na daftari sita za kibandani. Yamane hayumo. Nilipita na masahihisho madogo.

Na kaka wa pale mbele akauliza kama watu wa kibandani waliwahi kuisoma kazi yenyewe. Wengi hapana, imeandikwa Kiingereza. Ila nilichapa kopi moja ya ziada, ina jalada gumu na maandishi ya dhahabu, nikampelekea mwenye kibanda. Akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Akafunua, akafunua, anatafuta, mpaka akaniuliza, "Msomi, mimi niko wapi humu?" Nikamwonyesha Mshiriki namba 3, nikamweleza habari za usalama wake, tulivyokubaliana. Akasikiliza yote. Akasema, "Miezi mitatu umekaa kwangu, halafu mimi ni namba?" Akaingia ndani akatoka na peni, akaandika majina yake matatu pale kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, juu ya jina langu, akaiweka kopi juu ya spika ambapo kila anayeingia anaiona.